Kutoonekana si kupotea: Tunavyousoma vibaya ujumbe wa hitilafu za diski

Tuanze na kumbukumbu za mkutano. Kila aliyepitia shule ya upili nchini anaijua sura yake: waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, ajenda. Mwanachama akiitwa asiitike, katibu huandika tu kwamba hakuwapo. Kama ni mgonjwa, kama matatu ilimharibikia njiani, kama amekihama chama, hayo yatajulikana baadaye. Katibu huandika alichokiona, na alichokiona ni kiti kitupu.

Kumbukumbu hizo zilinijia akilini Jumatatu moja asubuhi ofisini, nikiwa mbele ya kiwambo cheusi chenye maandishi meupe. Kompyuta yangu ya kazi hutumia Linux, mfumo endeshi wa chanzo huria. Ina diski ndogo ya kuwashia mfumo wenyewe, na diski mbili kubwa nilizoziunganisha ili zihesabike kuwa hifadhi moja. Humo ndimo zilimokuwa rekodi za lahaja nilizokusanya kwa miaka: Kivumba cha Vanga na Wasini, Kiamu, Kipate, Kitikuu. Wazee wawili miongoni mwa waliozungumza katika rekodi hizo wameshatangulia mbele ya haki. Nakala nilikuwa nazo za nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ningeifanyia nakala "wiki ijayo". Kila mwalimu anaijua wiki hiyo.

Kompyuta ilisubiri sekunde 90, ikachoka, ikatangaza kwamba imeingia hali ya dharura. Nilipoiuliza habari za diski, ikawa inarudia sentensi moja: haikuweza kupata kifaa chenye kitambulisho fulani. Kitambulisho chenyewe kilikuwa mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu.

Nikamwita kijana fundi ambaye hutusaidia. Alitazama, akaguna.

"Mwalimu, hii diski ishakufa. Si unaona imeandika 'missing'? Wacha tuitoe kwa hesabu tuendelee."

"Tukiitoa, rekodi zangu zitabaki?"

"Zilizo kwa ile nzima zitabaki. Hizo zingine, pole."

Maneno yake yalikuwa na makosa mawili, na yote mawili yalikuwa makosa ya lugha kabla ya kuwa ya kompyuta. Ndiyo maana nayaleta hapa.

Kwanza tuuelewe mpangilio wenyewe. Linux ina utaratibu unaojulikana kwa ufupisho LVM. Uliandikwa awali na Heinz Mauelshagen mwaka wa 1998, kwa kuufuata utaratibu kama huo uliokuwa katika HP-UX, mfumo wa kampuni ya Hewlett-Packard. Toleo la pili, ambalo ndilo tunalolitumia leo, linategemea uwezo uliotiwa katika kiini cha Linux 2.6 mwishoni mwa 2003. Kazi yake ni kumwondolea mtumiaji mipaka ya diski mojamoja. Diski ikijaa, hununui kubwa zaidi ukahamisha kila kitu. Unaongeza nyingine kando, na nafasi ya zote mbili inakuwa moja.

Utaratibu huo una istilahi tatu za Kiingereza, na zote zimejengwa juu ya neno "volume". Hapo ndipo mtafsiri anapoumia. Kamusi zetu zitakupa ujazo, juzuu, kiasi cha sauti. Nimewahi kusahihisha kazi ya mwanafunzi aliyeandika "juzuu ya mantiki" mahali pa "logical volume". Nilikaa na kalamu yangu nyekundu nikijaribu kukiwazia kitabu hicho cha mantiki kilichojaa faili. Kijana wa watu hakukosea kamusi. Neno lenyewe la Kiingereza lilitoka kwa Kilatini volumen, yaani karatasi iliyokunjwa kama mkeka, na likaendelea kubeba maana hiyo ya vitabu hata baada ya kuingia kwenye diski. Na hiyo "logical" haina uhusiano na mantiki ya Aristotle. Inasema tu kwamba kitu hicho kinahesabika kuwa kimoja katika daftari, hata kama kwa mkono huwezi kukishika kikiwa kimoja.

Mimi hutumia maneno ya chama, kwa sababu mpangilio ndio uleule. Kila diski inayoingia hutoa mchango. Michango yote huwa hazina. Kutoka kwenye hazina, kila shughuli hupewa fungu lake. Mchango, hazina, fungu. Ukimweleza hivyo mama anayeweka akiba na wenzake kila Jumapili, ataelewa kabla hujamaliza chai, na wala hatakuuliza shilingi iliyolipa karo ya mtoto wake ilitoka mfukoni mwa nani. Fungu halijui limetoka kwa diski gani. Hazina hukatwa vipande vya mebibaiti 4 kila kimoja, isipokuwa mwenyewe ataje kipimo kingine, na diski ya terabaiti moja hutoa vipande 238,000 na ushei. Fungu ni orodha ya vipande hivyo tu. Baadhi vinaweza kuwa kwenye diski ya kwanza na vingine kwenye ya pili.

Daftari la chama hiki lina sifa ambayo vyama vyetu vingeiga. Kwa kawaida nakala yake huandikwa kwenye kila diski iliyochanga. Na kila diski hubeba kitambulisho chake katika sekta za mwanzo. Majina kama sdb na sdc hugawanywa upya kompyuta inapowashwa, na diski iliyoitwa sdb jana yaweza kuitwa sdc leo. Chama chenye akina Otieno watatu hakiwezi kutegemea majina; mwekahazina hudai nambari ya kitambulisho. Isitoshe, mfumo huhifadhi nakala ya daftari katika /etc/lvm/backup, na kurasa za zamani katika /etc/lvm/archive. Shika hapo, tutarudi.

Hazina yangu niliiita lahaja. Ilikuwa na mafungu mawili. Fungu la maandishi lilikaa lote kwenye diski ya kwanza. Fungu la sauti lilianzia kwenye ya kwanza likamalizikia kwenye ya pili.

Sasa turudi kwa kosa la kwanza la kijana wangu. Neno "missing" kwa Kiingereza hubeba mizigo mingi. Jino lililong'oka, mtu aliyetekwa, mwanafunzi asiyefika darasani, wote huitwa hivyo. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Tuna kupotea, kutoweka, kukosekana, kutoonekana, na kila kimoja kina shahidi wake. Kupotea kunamhusu aliyepotea: ameshindwa kujua njia. Kutoweka ni kuondoka machoni pa watu bila kuacha alama. Lakini kukosekana na kutoonekana, vitenzi vilivyonyambuliwa kwa -ikan-/-ekan- kama kupatikana na kuwezekana, vinamhusu anayetafuta. Ukisema mzee haonekani siku hizi, hujasema lolote juu ya afya yake. Umesema habari za macho yako.

Ujumbe wa LVM ni wa aina hiyo ya pili. Unasema: nimesoma daftari, nimekuta kitambulisho hiki, nimeita, sikusikia jibu. Haujui kama diski imeungua, imechomolewa, au imepigwa tu na usingizi. Fundi akisoma "missing" akaifasiri "imekufa", ameongeza ushahidi ambao mashine haikuutoa.

Lugha yetu ina kifaa kingine ambacho sikuwahi kukifikiria kuwa cha ufundi mpaka siku hiyo: viambishi vya mahali po, ko na mo. Mwalimu wa darasa la nne hutufundisha kwamba po ni mahali mahususi, ko ni mahali pasipo dhahiri, mo ni ndani. Tunajibu mtihani, tunasahau. Lakini hebu tazama. Diski imo sandukuni? Hilo ni swali la kwanza, la waya na umeme na mkono. Diski ipo mbele ya kiini cha mfumo? Hilo ni la pili. Diski imo daftarini? Hilo ni la tatu, na ndilo pekee ambalo LVM inaweza kulijibu. Mtu anayesema tu "diski haiko" ameyakoroga maswali matatu kwenye sufuria moja.

Kila swali lina amri yake. La tatu hujibiwa na pvs kwa michango, vgs kwa hazina na lvs kwa mafungu. Katika pvs, diski isiyoitika huorodheshwa kuwa haijulikani na kutiwa herufi m. Katika vgs na lvs hutokea herufi p kwenye safu ya sifa, yaani hazina au fungu limekatika, sehemu yake haionekani. Swali la pili hujibiwa na lsblk, inayoorodhesha diski zote ambazo kiini kimeziona, ziwe za LVM au si zake. Na dmesg ni shajara ya kiini chenyewe tangu kilipoamka.

Nikamwambia kijana aanze na la pili. Alikuwa amelipita.

"Mwalimu, haya ni mambo ya grammar ama ya computer?"

"Wewe andika lsblk."

Orodha ikaonyesha diski ndogo na diski kubwa moja. Kubwa ya pili haikuwapo kabisa. Tukaangalia dmesg. Huko kiini kilikuwa kimeandika, bila kelele, kwamba kiungo cha SATA namba fulani kipo chini, maana yake hakuna mtu upande wa pili wa waya. Kwa hiyo LVM haikuwa na kosa wala uwezo wa kutengeneza chochote. Kama kiini hakijaiona diski, kupiga amri za LVM ni kumkaripia katibu kwa sababu mwanachama amekwama kwenye foleni ya magari.

Ingekuwa lsblk inaionyesha diski lakini pvs haiioni, uchunguzi ungefuata njia nyingine. Huenda matoleo mapya yana orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa na diski haimo humo. Huenda pia mtu ameigawa diski upya kwa bahati mbaya na kufuta kitambulisho chake. Hilo la mwisho lina tiba, na hapa ndipo nakala ya daftari inapofaa. Amri pvcreate hurudisha kitambulisho kilekile ikipewa --uuid pamoja na --restorefile na faili ya nakala, halafu vgcfgrestore hurudisha daftari. Lakini pvcreate ikipigwa tupu hutoa kitambulisho kipya. Umemsajili mwanachama mgeni aliyevaa koti la marehemu, na chama kitaendelea kumwita yule wa zamani.

Sasa kosa la pili, ambalo ndilo lililokuwa karibu kunimaliza. Kabla sijafika ofisini, kijana alikuwa ameshapiga vgreduce --removemissing lahaja. Kwa bahati njema, amri hiyo peke yake ina heshima. Iliona kwamba fungu la sauti lina vipande kwenye diski isiyoonekana, ikakataa kuligusa. Ila ikamalizia kwa ushauri: ukitaka kuyaondoa mafungu hayo bila masharti, ongeza --force. Mashine yenyewe ilikuwa imemkabidhi kisu, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kuingizia.

Alidhani amri hiyo ingeiondoa diski mbovu na kubakiza vilivyo kwenye nzima. Sivyo. Chini ya --force, kinachoondolewa daftarini ni fungu lolote lenye hata kipande kimoja kwenye diski isiyoonekana, na huondolewa lote, pamoja na vipande vyake vilivyo salama. Fungu la sauti, ambalo zaidi ya theluthi yake ilikuwa kwenye diski ya kwanza isiyo na homa yoyote, lingefutwa jina. Wahenga walilijua fungu la kukosa. Hili lingekuwa fungu la kukosa kwa maana ya kitaalamu.

Na neno "force" lenyewe? Mafundi wengi hulielewa kama "kwa nguvu", kana kwamba amri ya kwanza ilikuwa legelege na sasa tunaongeza bidii, kama kusukuma gari lililokwama. Lakini katika amri hizi halina uhusiano na bidii. Maana yake ni "usiniulize". Unaiondolea mashine haki ya kusita. Lau ningekuwa mtafsiri wa programu hiyo, ningeandika --bila-kuuliza, nione ni wangapi wangeithubutu.

Kwa haki, hata baada ya balaa hilo si kila kitu kingekuwa kimezama. Kufuta fungu ni kufuta mstari daftarini. Vipande vyenyewe hubaki vilipo hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na ukurasa wa zamani ungalimo katika /etc/lvm/archive. Ni tumaini jembamba, na hutoweka mara fungu jipya linapoundwa na kuanza kutumika.

Tulizima kompyuta, tukachomoa umeme, tukafungua sanduku. Diski imo, naam. Lakini Ijumaa iliyotangulia chumba kilipakwa rangi, meza ikasogezwa, sanduku likalazwa ubavu na kuinuliwa tena. Waya wa data ulikuwa umelegea, ukining'inia kwenye mdomo wa diski kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Kijana aliusukuma mpaka ukalia kwa sauti ndogo. Tukawasha. Nikaandika lsblk kwa mkono wangu. Diski kubwa zilikuwa mbili.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Tulipopiga pvs, diski ilionekana kwa jina lake, lakini ile herufi m ilikuwa bado imeikalia. Kijana akashika kichwa. Diski ipo, tunaiona, na mfumo wasema haipo! Maelezo yake ni ya kiofisi kabisa. Ile vgreduce ya kwanza, ingawa haikufuta fungu, iliandika ukurasa mpya wa daftari kwenye diski iliyokuwapo, na katika ukurasa huo mwenzake akasajiliwa kuwa hayupo. Diski iliporudi na daftari la zamani, daftari jipya likashinda. Ni kama mtu aliyefika mkutanoni baada ya kumbukumbu kutiwa sahihi. Hata akikaa mbele, hayupo mpaka katibu asahihishe.

Sahihisho lipo na ni fupi: vgextend --restoremissing, kisha jina la hazina na la diski. Halitayarishi diski upya wala halifuti kitu. Linaondoa tu ile alama ya utoro. Sharti ni kwamba uwe na hakika diski ilikuwa nje kwa muda tu na hakuna aliyeiandika huko ilikokuwa. Tulilipiga, tukafuatisha vgchange -ay lahaja ili mafungu yaamke. Katika lvs ile herufi p ilikuwa imeondoka.

Hapo mtu hutaka kukimbilia faili zake. Tulijizuia. Kwanza e2fsck -n, ambayo hukagua mfumo wa faili huku ikijijibu "hapana" kwa kila swali la kurekebisha, hivyo haigusi kitu. Kisha tukalifungua fungu kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika, na kunakili kila kitu kwenye diski ya nje. Ilichukua mpaka saa kumi jioni. Ingekuwa diski imekataa kabisa, bado ingewezekana kuliamsha fungu kwa --activationmode partial na kuokoa kilicho kwenye nusu iliyopo, ijapokuwa rekodi iliyokatwa katikati ya sentensi humpa mwanaisimu maumivu ya aina yake.

Nilipokisimulia kisa hiki, rafiki yangu anayefundisha shule ya upili alicheka, halafu akanyamaza, halafu akaniambia chake. Yeye alitaka kulipunguza fungu moja ili apanue jingine. Alipiga lvreduce, likapungua papo hapo, naye akafurahi. Alipowasha tena, fungu halikufunguka. Mkaguzi akamwambia kwamba mfumo wa faili unajihesabu una ukubwa huu, kifaa kina ukubwa ule ulio mdogo zaidi, na kwamba ama kitalu kikuu au jedwali la sehemu za diski huenda limeharibika. Nisitishe?

Hiyo "ama, au" imewapoteza wengi. Hakuna kilichoharibika kati ya hivyo viwili. Mfumo wa faili ni nyumba, na fungu ni kiwanja. Alikuwa amekata kiwanja kabla ya kubomoa chumba cha nyuma. Mkaguzi anaona nyumba imevuka ua, naye, kwa kuwa hajui habari za LVM, anawashuku washukiwa anaowajua. Jibu sahihi kwa swali lake ni ndiyo, sitisha. Wengi hujibu hapana kwa kuwa "ndiyo" wanaiona kuwa kukata tamaa, kumbe "hapana" ndiyo inayomruhusu mkaguzi aanze kubomoa. Rafiki yangu alisitisha, akautafuta katika /etc/lvm/archive ukurasa ulioandikwa kabla ya kupunguza, akaurudisha kwa vgcfgrestore, akalilaza na kuliamsha fungu. Nyumba ikawa ndani ya ua tena. Aliokoka kwa sababu hakuwa amekitumia kile kipande alichokikata. Kanuni ya kupunguza ni nyumba kwanza, kiwanja baadaye; ya kupanua ni kinyume. Ukitumia --resizefs, amri huyafuata yote mawili kwa mpangilio unaofaa.

Nayasema haya nikijua kwamba Kiswahili hakijalala kabisa upande huu. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na ilikuwa hatua ya kujivunia. Ila ona tulikoelekeza nguvu. Tulitafsiri "hifadhi" na "chapisha", maneno ambayo mtu huyatumia akiwa ametulia, na hata bila tafsiri angeyazoea kwa siku mbili. Ujumbe wa hitilafu, unaomkuta mtu mikono ikitetemeka, tumeuacha kwa Kiingereza. Na pale tunapoutafsiri, mara nyingine tunapotosha. Nimeona "snapshot" ikiitwa nakala rudufu. Sivyo hata kidogo. Hiyo ni picha ya fungu jinsi lilivyokuwa saa fulani, nayo hukaa ndani ya hazina ileile. Hazina ikiungua, picha imeungua nayo. Ile ya kawaida ikijaa, huwa batili. Anayeiita nakala rudufu amemwambia mtu alale usingizi ndani ya nyumba inayowaka.

Wiki iliyofuata nilinunua diski mpya. Ile iliyolegea waya haikuwa na hatia siku hiyo, lakini smartctl ilionyesha kwamba imeanza kuhamisha sekta zake mbovu, na sikutaka kungoja. Tuliingiza mpya kwenye hazina, tukapiga pvmove, na vipande vikahamishwa kimoja kimoja kutoka kwenye diski kuukuu huku nikiendelea kusikiliza mzee wa Vanga akieleza majina ya pepo za bahari. Ilipobaki tupu, tuliitoa kwa vgreduce ya kawaida. Safari hii mfumo haukulalamika wala kudai --force, maana hakuna aliyekuwa na deni. Nakala ya pili ya rekodi iko Mombasa kwa mwenzangu.

Kijana ana daftari la kuandikia kazi anazofanya. Ukurasa wa siku ile alikuwa amejaza tarehe na chumba, na kwenye nafasi ya tatizo ameandika "diski imekufa". Alilikata neno hilo mstari mmoja, akaniuliza aandike nini.

"Andika waya ulilegea."

"Hiyo tu?"

"Na uongeze kwamba meza ilisogezwa."